Mpaka Vitunguu Ving'olewe

Kilakala, Morogoro
9 Mei 1911

Kwa dada yangu Paskalia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na uzima, wewe na watoto, na kwamba mvua haijabeba udongo wenu kama ilivyobeba wa hapa. Mimi ni mzima. Asia ni mzima, jino la mbele limeng'oka na jingine linachungulia. Kuku ni wazima. Gari moshi linapita kama kawaida na bado linatikisa vyungu.

Mke wangu Furaha amefariki. Ilikuwa Jumanne, tarehe 21 Machi. Arobaini imekwisha kusomwa. Sikuandika mapema kwa sababu mvua ilikuwa kali na miche ilikuwa imefikia kupandikizwa.

Nina jambo la kukuuliza juu ya vitunguu.

Unajua kwamba hapa nilipo si kwangu. Nilipomuoa Furaha nilikuja na jembe moja na blanketi la upagazi, na ardhi ilikuwa ya ukoo wake, kama ilivyo desturi yetu sote ya kufuata upande wa mama. Nyuma ya nyumba palikuwa kokoto. Nimebeba samadi kichwani miaka saba mpaka kokoto zikawa udongo. Herufi hizi nimejifunza kwenye kambi ya reli, nyumba nimejenga kwa vitunguu, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Nayasema haya ili ujue kilichopo.

Mzee Dadi, mjomba wa marehemu, ndiye mkubwa wa ukoo wao. Siku ya tatu baada ya arobaini alikuja, akakaa kwenye kigoda, akapewa uji, akasema bila ukali:

"Mkwe, hatuna ugomvi na wewe. Ardhi ni ya ukoo na mtoto ni wa ukoo. Asia atakwenda Turiani kwa mama yake mdogo. Lakini una mazao ardhini, na sisi hatumng'oi mtu pamoja na mazao yake. Vitunguu vikishatoka, utatukabidhi."

Nikasema nimesikia. Akaomba uji tena.

Mwalimu wa msikitini anasema mtoto ni wa baba. Mzee Dadi anasema mwalimu ni mtu wa pwani, akagawe watoto wa kwao. Kwa akida wa serikali siendi. Nikienda nitapewa karatasi, na Asia atakua na karatasi badala ya wajomba.

Basi nimepiga hesabu. Furaha alisia mbegu tarehe 5 Februari kwa mkono wake, zilikuwa za mwisho dukani. Mwanzoni mwa Julai vitunguu vitakuwa vimelala majani, nami sitakuwa na kitu ardhini. Lakini nimesikia kwamba kitunguu kikirudishwa ardhini hutoa ua, na ua hutoa mbegu. Kikirudi ardhini ni mazao. Mbegu nikizisia ni mazao. Ukiunga huku na huku, hakuna siku ambayo bustani hii itakuwa tupu. Mzee Dadi ni mtu wa neno lake, na neno lake ndilo hilo.

Wewe unalima bustani ya masista pale misheni, na wao hawanunui mbegu dukani. Niambie inafanywaje.

Pia nauliza kile kipande cha mama kilicho juu ya kijito, nilichokivunja magugu mimi. Nani anakilima siku hizi?

Asia anamsalimu shangazi yake.

Ndimi nduguyo,
Yunusi


Lusungi, Uluguru
4 Juni 1911

Kwa lumbu yangu, mdogo wangu aliye bondeni,

Marahaba. Tunaamka na ukungu mpaka jua la saa nne, maharage yana kutu, Agnes wangu amepata komunyo ya kwanza na ameharibu gauni siku ileile kwa kupanda mti wa mfenesi. Mjomba Severini bado anakohoa na bado anatoa amri. Sisi wengine tupo.

Habari ya Furaha nilikuwa nayo. Abasi mbeba tumbaku aliniambia alipopanda kutoka sokoni, tena aliniambia kama mtu anayetaja bei ya chumvi, akidhani najua. Nilikuwa nimeshika sufuria. Nilisema, "Ehe, nimesikia," ili nisionekane mtu ambaye nduguye hamwambii kitu. Barua yako imekuja wiki tatu baadaye. Nimeisoma mara nyingi. Vitunguu vimepata ukurasa, Furaha amepata mstari.

Alikufa kwa nini? Nani alimwosha? Mtoto alikuwa wapi? Nijibu hayo kwanza.

Sasa vitunguu vyako, maana najua hutalala.

Hapo kwenu havitatoa ua. Wewe uliyekuwa ukituita watu wa ukungu, sikiliza: ukungu ndio kazi yenyewe. Kitunguu kinataka kipigwe baridi kisawasawa, miezi miwili au zaidi, ndipo kinapoona kwamba kinakufa na kutoa ua. Kwa joto la Kilakala kitatoa majani, kitapasuka vichwa viwili vitatu, kitaoza. Chagua vichwa vigumu, vyenye shingo nyembamba, visivyopasuka, vikauke kivulini. Usichague vikubwa mno kwa sababu ya tamaa. Uvilete huku, na uje wewe mwenyewe. Miaka tisa ni mingi kwa mtu mwenye miguu mizima.

Na jambo moja zaidi. Unaandika bustani, bustani. Nimetoka na wewe tumbo moja. Mtu hahesabu siku hivyo kwa ajili ya udongo.

Mbusu Asia.

Dada yako,
Paskalia


Kilakala
16 Julai 1911

Kwa dada Paskalia,

Shikamoo. Tumepokea salamu. Asia amejifunza kusuka ukili, mkeka wake ni mpana upande mmoja na mwembamba mwingine kama kichwa cha kambale, lakini anaulalia. Kuku mmoja amechukuliwa na mwewe. Jina langu ni Yunusi. Ni miaka saba sasa tangu nisilimu, unaweza kuliandika.

Vitunguu vimetoka. Matuta sita, kila moja pima nne kwa dhiraa mbili, umbali wa vidole vinne kati ya mche na mche. Mimi nilichimba, Asia alikusanya. Mwaka jana tulikuwa watatu na ilichukua siku mbili. Safari hii ilichukua siku tano.

Tuta la sita sikuling'oa. Nimevunja majani ya juu na kumwagilia upya, na kama ulivyosema, vimeanza kuchipua pembeni. Mzee Dadi alikuja, akaona majani mabichi. Akauliza, "Hivi navyo ni vile?" Nikasema ni vile. Akasema, "Basi bado." Akachukua vitunguu vya kula nyumbani kwake, nilimpa fungu zuri.

Nimempa Abasi vichwa thelathini na vitatu. Vitatu ni vyake vya kula njiani, ili asiguse thelathini. Nimechagua kama ulivyoelekeza. Ndivyo vilivyosiwa na Furaha na sitapata vingine. Mbegu zake zikitoka naomba zinifikie kabla ya Februari mwanzoni, nisie tarehe ileile.

Kuja siwezi. Nikiondoka siku nne nani atamwagilia, na nani atakaa na mtoto? Pia mara ya mwisho nilipokuwa huko, Mjomba Severini alisema mbele ya watu kwamba ardhi ya mama ni yako kwa kuwa wewe ndiye utakayeuzalia ukoo, na mimi mwanamume nikaoe nikale kwa mke wangu. Nimekula kwa mke wangu. Mwambie nimemtii.

Hukujibu swali langu la kile kipande cha mama.

Nduguyo,
Yunusi


Lusungi
20 Agosti 1911

Kwa lumbu yangu,

Marahaba. Baridi ya mwaka huu inauma masikio. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja ni wa Agnes kwa maneno yake mwenyewe. Mjomba anakusalimu, yaani nilimuuliza kama nikusalimie naye akakohoa.

Vichwa vimefika ishirini na vinane. Abasi anaapa ulimpa vitatu na kwamba hajui kuhesabu zaidi ya hapo. Nimemwambia mwenye vitunguu anajua. Safari nyingine mpe na muhogo.

Vyote nimepanda. Nimevifunika mpaka shingoni tu, nimeviwekea majivu kidogo ya jikoni na samadi ya mbuzi, na mvua za Novemba zikija nitavijengea kibanda cha nyasi maua yasioze. Huna haja ya kujua zaidi.

Nawe hukujibu. Niliuliza alikufa kwa nini.

Paskalia


Kilakala
29 Novemba 1911

Kwa dada Paskalia,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Watu wa serikali wamepita kuhesabu nyumba za kodi. Asia ana meno yote ya mbele sasa, makubwa kama ya mtu mwingine.

Tuta la sita limekufa. Mvua za vuli zilikuja kwa nguvu, maji yalisimama siku tatu, na vichwa vile vilivyopasuka vimekuwa ute. Nilichimbua mpaka mwisho nikidhani nitapata hata kimoja kigumu. Nimepanda mchicha hapo ili kuwe na kijani.

Mzee Dadi alipita juzi. Akasimama kwenye mchicha.

"Mkwe, huu ni mchicha."

"Ndiyo, mzee."

"Mchicha hauna mwisho. Ukikatwa leo kesho upo. Nikihesabu mchicha, hata nyasi za njiani ni mazao yako."

Asia alikuwa amekaa mlangoni anasuka. Mzee Dadi akamwangalia kwa muda, akaniambia: "Unazo mbegu?" Nikasema zinakuja kutoka mlimani, zitasiwa Februari. Akasema atakuja Februari mwishoni. Kukiwa na kitunguu ardhini, neno lake ni lilelile. Kusipokuwa, mama mdogo atakuja kutoka Turiani kumchukua mtoto kabla njia hazijawa matope. Amesema hayo kwa upole. Laiti angekuwa mkali, ningejua pa kumshika.

Basi mbegu ndizo zilizobaki. Tafadhali.

Umeuliza mara mbili alikufa kwa nini. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ilitoka, na damu haikusimama. Asia alikuwa kwa jirani. Wanawake wa msikitini ndio walioosha. Sasa unajua.

Kile kipande cha mama hujanijibu bado.

Yunusi


Lusungi
3 Januari 1912

Kwa lumbu yangu,

Heri ya mwaka kwako na kwa Asia. Noeli tulikula mbuzi, si yule wa Agnes, ingawa alilia kama ni yule. Mjomba hawezi tena kupanda mpaka kanisani, anasali mlangoni na kutusahihisha.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kisha nikakaa. Nimemwombea misa. Nilimwambia padre jina lake, akaniuliza ni Mkristo? Nikasema ni wifi yangu. Akaandika.

Mbegu ndizo hizi, nimezifunga kwenye kitambaa. Vichwa ishirini na viwili vilitoa ua, mabua yamesimama mpaka kifuani kwangu, yenye mpira mweupe kichwani, nyuki wakawa kama wana sherehe. Nimeikata ilipoanza kupasuka na kuonyesha mbegu nyeusi, nikapepeta kwa mkono. Ni nyeusi kama baruti. Sia kwenye mistari yenye kina cha ukucha, funika kwa nyasi, mwagilia asubuhi kabla ya jua. Siku ya saba au ya nane utaona uzi uliokunjwa kama sindano iliyopinda.

Abasi anateremka leo. Nimempa muhogo.

Paskalia


Lusungi
11 Januari 1912

Lumbu yangu,

Sina salamu ndefu, nimekumbuka jambo nikiwa nafagia na nimeacha fagio katikati ya ua.

Usiziweke mbegu juu ya mafiga. Najua ninyi wa bondeni, najua na mama alivyokuwa akifanya, kila mbegu kwenye kibuyu juu ya moshi wadudu wasiile. Ya mahindi inavumilia. Ya kitunguu inakufa mle ndani nawe huoni tofauti, inabaki nyeusi na ngumu vilevile. Ni kitu kinachozaliwa kwa baridi. Iweke mahali pakavu, penye ubaridi, chini ya kitanda.

Nampa barua hii Abasi, maana amerudi, anateremka tena keshokutwa. Nimemwambia ina haraka. Amesema yeye daima ana haraka.

Paskalia


Kilakala
21 Februari 1912

Kwa dada Paskalia,

Shikamoo. Natumaini ninyi ni wazima. Sisi ni wazima. Joto ni kali, mbwa wanalala kwenye mfereji wa maji.

Barua yako ya tarehe 11 Januari imenifikia tarehe 13 Februari. Abasi alikwenda nayo Dakawa kwenye msiba wa mkwewe, akakaa huko mpaka hitima, akarudi nayo mfukoni. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

Mbegu zilinifikia salama tarehe 9 Januari. Niliziweka kwenye kibuyu kidogo chenye kizibo cha gunzi juu ya mafiga, mahali Furaha alipokuwa akiweka za mahindi. Hakuna pahali nyumbani humu palipotunzwa zaidi. Kila jioni nilikishika kibuyu kuona kama ni kikavu. Kilikuwa kikavu na cha moto kidogo. Nilifurahi kwamba ni cha moto.

Nilisia tarehe 5, kama yeye. Pima tatu kwa dhiraa mbili, mistari kumi na minane. Nilifunika nyasi. Siku ya nane barua yako ilipofika nilikuwa nimeshafunua mara mbili nikaona udongo tu. Nikasoma. Nikafunika tena nyasi nikamwagilia, kwa kuwa maji yalikuwa tayari kwenye debe.

Nimeendelea kumwagilia. Sijui nikuambie kwa nini. Asubuhi naamka, nachota, namwagilia kitalu ambacho najua kimekufa, naweka debe chini. Asia huniuliza vimeota? Nasema bado. Majirani wakipita husema, "Mwenye vitunguu, za kitalu?" Nasema nzuri.

Mzee Dadi alikuja juzi, siku ya kumi na nne. Alikuja na fimbo, akainua nyasi kwa ncha yake pale mwanzo, kisha katikati, kisha mwisho. Kila mahali ni udongo. Yeye amelima miaka mingi kuliko umri wangu.

"Umesia lini, mkwe?"

"Tarehe tano."

"Vitunguu huota siku ya ngapi?"

"Ya nane, mzee. Ya kumi vikichelewa."

Akafikiri. Mimi nilisimama na debe. Ningeweza kumwambia. Nilifungua mdomo, lakini Asia alitangulia, akasema: "Babu, bado vimelala."

Mzee Dadi akarudisha nyasi taratibu, akazisawazisha kwa kiganja cha mkono. "Ni baridi ya mwaka huu," akasema. "Inachelewesha."

Alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye ndevu.

Akasema ana safari ya kwenda Turiani mwenyewe, miguu yake ni mizito, atarudi mwezi wa tatu ukiwa katikati. Akija ataangalia tena. Akaondoka bila kunywa uji.

Kwa hiyo nina wiki tatu na sina kitu cha kuweka ardhini. Duka halina mbegu mpaka meli, na meli ni Aprili.

Neno jingine. Mimi ni mtu wa hesabu na unanijua. Uliandika vichwa ishirini na viwili vimetoa ua. Mbegu nilizopokea zingeweza kutoka kwenye vichwa kumi au kumi na kimoja. Niliona siku ileile nilipozipokea. Sikusema kwa kuwa nilizoea, kwetu daima kuna nusu ambayo si yangu. Lakini kama hiyo nusu ipo nakuomba, dada. Zaidi ya mbegu hizi sijakuomba kitu tangu niondoke.

Yunusi


Lusungi
6 Machi 1912

Kwa Yunusi,

Marahaba. Nimeshindwa kungoja Abasi, barua hii na mzigo vinaletwa na mume wangu Lukasi, anayelalamika magoti. Mpe maji ya moto na umsikilize magoti yake, hayachukui muda.

Nusu ipo. Nilizuia nusu kwa sababu sikuwaamini wewe, wala Abasi, wala mvua. Mtu hapeleki mbegu zote njia moja. Ungeuliza ningekuambia, lakini wewe huulizi, wewe unahesabu na kununa.

Nilizisia siku ya Epifania, tarehe 6 Januari. Sasa ni miche, imefikia unene wa bua la nyasi. Nimeing'oa leo alfajiri pamoja na udongo wake, nimeifunga kwenye maganda ya mgomba yenye maji. Lukasi ataimwagia kila penye kijito. Ikifika, punguza ncha za majani, ipandikize jioni ileile jua likiwa limepoa, hata kama umechoka. Ni ya Furaha yote. Sikuhesabu, utahesabu mwenyewe.

Umeniuliza mara tatu ni nani analima kile kipande cha mama. Sikujibu kwa kuwa jibu lake ni la aibu kwangu. Hakuna anayekilima. Mjomba alinipa mbele ya watu na mimi nilikipokea mbele ya watu, kisha sikupeleka jembe. Miaka tisa. Mjomba amenisema, majirani wamekiomba, magugu yamekuwa msitu. Nilikuwa nawaambia kina mwenyewe, yuko safarini. Kukuandikia kwamba kipo tupu kinakungoja sikuweza, maana ungeuliza mbona sikusema neno siku ile Mjomba aliposema lake. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Sikusema neno.

Agosti nilikifyeka. Vitunguu vya Furaha nilivipanda pale, na miche hii imetoka pale. Kwa hiyo kama Mzee Dadi atasimama kwenye desturi, mwambie na huku kuna mazao yako ardhini.

Paskalia


Kilakala
24 Machi 1912

Kwa dada Paskalia,

Shikamoo. Shemeji Lukasi alifika salama na magoti yake. Nimeyasikiliza. Alilala siku mbili akala vizuri.

Miche imefika mia nne na kumi na miwili. Saba ilikuwa imevunjika shingo, sikuitupa, niliilaza kwenye udongo wa kivulini ingoje. Tulipandikiza jioni ileile mimi na Asia, matuta mawili, vidole vinne kwa vinne. Yeye alikuwa akishika mche mmoja mmoja na kunipa. Mvua ilianza tarehe 12 na yote imesimama.

Mzee Dadi alikuja tarehe 16, mimi napandikiza pembeni ile saba iliyovunjika shingo. Alikuwa ametoka Turiani. Alisimama kwenye kitalu kwanza. Nyasi zipo, udongo umelowa, hakuna hata unywele. Kisha akatazama matuta mawili yenye miche mirefu namna ile. Mtoto mdogo angejua kwamba haikutoka pale.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kila kitu, na juu ya kile kipande cha mama, na maneno ya mwalimu wa msikitini. Nilikuwa nimeyapanga.

Akasema, "Naona vimeamka."

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

"Vyote kwa pamoja."

"Vyote kwa pamoja."

Akavua kanzu, akaitundika kwenye mti wa uani, akachuchumaa na miguu yake hiyo, akamwambia Asia, "Nipe na mimi." Akapanda safu moja ya ile iliyobaki. Anapanda kama watu wa zamani, vidole viwili kwa viwili, vitabanana na havitakuwa na vichwa vya maana. Sikumsahihisha. Alipomaliza akauliza hivi vitakomaa lini. Nikamwambia vya kula ni Julai, lakini vingine nitavipandisha mlimani vitoe mbegu, na mbegu zitasiwa Februari, na vya Februari vitapandwa Machi.

Akahesabu kwenye vidole mpaka vikaisha.

"Basi bado," akasema.

Akavaa kanzu. Mlangoni akamwambia Asia asitoketoke kwenye mvua, kifua cha mama yake kilikuwa chepesi. Mama mdogo wa Turiani hatakuja mwaka huu. Hayo alimtuma jirani aniambie kesho yake, yeye mwenyewe hakuyasema.

Umeandika kwamba siku ile hukusema neno. Nimesoma. Na kile kipande cha mama, usikiache tena. Panda maharage upande wa chini, upande wa juu niwekee. Mvua zikikatika nitapanda mlimani na Asia, tuje tukione. Siku mbili za kwenda, mbili za kurudi, na kukaa huko sijui ngapi.

Nilidhani jambo hili likitengenea nitasikia kitu. Bado sijasikia. Nakula, nalala, natengeneza mifereji. Jana asubuhi nilichota maji nikamwagilia matuta mawili ingawa mvua ilikuwa imenyesha. Asia akanikuta nimesimama kwenye kile kitalu cha zamani na debe limeinama.

"Baba, hapo hamna kitu."

Nikamwambia najua. Akangoja. Nikamaliza maji yaliyobaki, tukaingia ndani kunywa uji.

Nduguyo,
Yunusi